Maswali ya Wasomaji: Mitufaha ya Mzee

SWALI: Mzee ametuachia mitufaha sita nyuma ya nyumba. Ina zaidi ya miaka 20, imepita bati kwa urefu, na matunda machache yaliyopo yako juu kabisa, madogo kama ndimu. Matawini kuna vitu vyeupe mithili ya pamba. Jirani anasema niikate yote usawa wa kiuno ichipue upya. Nimsikilize? – Msomaji, Makete

JIBU: Hapana. Ushauri huo unafaa milingoti. Mtufaha huzaa kwenye vijitawi vifupi vinene, vyenye makunyanzi, vya miaka miwili au zaidi. Ukivifyeka umejinyima matunda ya misimu kadhaa. Tena mizizi mikubwa hiyo itasukuma nguvu zote juu, upate fimbo zilizosimama wima zisizo na ua hata moja.

Gawa kazi kwa miaka mitatu, kila mwaka usiondoe zaidi ya robo ya matawi. Pogoa Julai, kabla macho hayajavimba. Anza na matawi yaliyokauka, yenye vidonda na yanayosuguana. Kisha toa tawi nene moja au mawili ya katikati, mpaka ukisimama chini uone anga.

Tawi nene halikatwi kwa mkupuo, litachana gome hadi kwenye shina. Likate kwanza kwa chini, sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Sogea nje kidogo, kata kwa juu lianguke. Kisiki kilichobaki kiondoe nje tu ya ile pete iliyovimba tawi linapoungana na shina. Ukiikata pete, kidonda hakifungi. Ukiacha kisiki, kinaoza kuelekea ndani. Matawi yaliyokuwa kivulini yapake chokaa, maana jua la kipupwe huunguza gome japo wewe umevaa sweta.

Ile pamba iponde kwa kidole. Ikitoa maji ya rangi ya damu ya mzee, ni vidukari, wadudu wadogo wafyonza utomvu. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, hasa kwenye makovu, na ng'oa machipukizi ya chini ya shina. Wengine hujificha mizizini, kwa hiyo rudia kila uwaonapo. Ndevu za kijivu kwenye magome hazina neno.

Mvua za Novemba zikianza, weka madebe mawili ya samadi iliyooza kwa kila mti, chini ya ncha za matawi, siyo shinani. Matunda yakifikia ukubwa wa gololi, acha moja kwa kila kichala. Inauma kuyatupa, lakini udogo wa ndimu unatokana na hapo pia.

SWALI: Mtufaha wangu wa aina ya Anna unachanua sana, matunda hakuna. – Msomaji, Uyole

JIBU: Uko peke yake? Anna huhitaji chavua ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo, kama Dorsett Golden. Kama huna nafasi ya mti wa pili, bebesha tawi moja la Dorsett juu ya huohuo. Na usipulizie dawa ya wadudu wakati wa maua, utawaua nyuki.