Jibu: Mikorosho na mazao mchanganyiko bila viuatilifu vya viwandani

Ndugu, umeuliza kama ekari zako mbili za kichanga huko Masasi zinaweza kubeba mikorosho pamoja na mazao mengine bila viuatilifu vya viwandani. Zinaweza, mradi uanze na nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miti 28 hivi kwa ekari, ambayo wengi huiona kuwa ni kupoteza ardhi mpaka matawi yanapokuja kugusana na maua kukosa jua. Miaka ya mwanzo panda kunde, karanga au mbaazi katikati ya mistari, na mabaki yake uyatandaze badala ya kuyachoma, ila yasiguse shina, maana yatakaribisha mchwa.

Jambo la kuzingatia zaidi ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa viota. Wanauma vibaya, sikatai, lakini ndio wanaowawinda mbu wa mikorosho wanaofyonza machipukizi na korosho changa. Ukiona mti mmoja unao na wa jirani hauna, funga kamba kati ya matawi ya miti hiyo miwili nao watapita juu ya kamba. Usichanganye viota vya makundi tofauti, kwa sababu watapigana mpaka waishe.

Ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu unaoonekana kama unga mweupe kwenye majani na maua, majimoto hawauzuii. Huo unahitaji kupogolea ili hewa ipite, na kuondoa machipukizi ya chini kabla ya maua, kwani ndimo ugonjwa hujihifadhi.