Biokemia kwa wanaoanza: anzeni na ugali wa muhogo

Kila mwaka wanapokuja wanafunzi wapya kufanya mazoezi maabara hapa Kigoma, iwe ni wa utabibu, uuguzi au maabara, huja na madaftari yenye mchoro uleule: mzunguko wa Krebs (mfululizo wa hatua za seli za kuvuna nishati ya chakula), rangi nne, mishale imepigwa kwa rula. Ukimuuliza mwenye daftari mzunguko huo unafanyika sehemu gani ya seli, anatazama dari. Kukariri amekariri, tena kwa juhudi, na wiki mbili baada ya mtihani vyote vinakuwa vimeyeyuka. Wengine hata huo mtihani wanaurudia, wanaingia sapu wakiwa na daftari zuri kuliko la aliyefaulu.

Wadogo zangu, nawashauri kitu kimoja tu, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo. Kwa kila njia ya kimetaboli, yaani mfululizo wa mimenyuko ndani ya seli, mtakayofundishwa, jiulizeni: ikizibwa hapa, nini kitarundikana nyuma na nini kitakosekana mbele? Mgonjwa mtakayemkuta wodini mara nyingi ni jibu la swali hilo. Na majibu ya vipimo mtakayoyatoa maabara ni picha ya kilichorundikana au kilichokosekana.

Tuanze na molekuli. Silabasi itawapa makundi manne: kabohaidreti, lipidi (mafuta na jamii yake), protini na asidi nukleiki. Matatu ya kwanza mnayala kila siku. Ugali wa muhogo ni wanga, na wanga ni minyororo mirefu ya glukosi. Zile nyuzi za katikati ya muhogo ambazo huwa mnazitoa na kuzitupa zina selulosi, nayo ni glukosi vilevile. Tofauti ipo kwenye namna glukosi moja ilivyoshikana na mwenzake: kwenye wanga kiungo ni cha alfa, kwenye selulosi ni cha beta. Amilesi ya mate na ya kongosho, ambayo ni kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko), inakata alfa. Beta haiigusi kabisa. Ng'ombe anashiba majani kwa sababu ana vijidudu tumboni vyenye kimeng'enya cha kukata beta. Atomi ni zilezile, idadi ileile, umbo tu limebadilika, na kimoja kinakuwa chakula na kingine kinapita kama kilivyoingia. Mkilielewa hilo, somo la vimeng'enya halitawatisha.

Kwenye mawese nitakaa kidogo, maana tuko Kigoma. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, hasa kwa mnaotoka Kasulu au Buhigwe kwenye miinuko, chupa ya mawese mnaikuta imejigawa: chini uji mzito wa rangi ya chungwa, juu mafuta mekundu maangavu. Chupa ya alizeti iliyo pembeni yake wala haijashtuka. Karibu nusu ya asidi za mafuta zilizomo kwenye mawese ni zilizoshiba, yaani hazina kifungo maradufu, na kubwa kati yake ni ya palmitiki, yenye kaboni 16. Mkia wake umenyooka, kwa hiyo molekuli zinalala zikigusana na kuganda. Alizeti imejaa asidi ya linoleiki, kaboni 18, yenye vifungo viwili maradufu vinavyokunja mkia. Mikia iliyokunjika haipangiki vizuri, ndiyo maana mafuta yanabaki maji. Mwalimu akiwauliza kwa nini utando wa seli unahitaji asidi za mafuta zisizoshiba ili usiwe mgumu, jibu mmeshaliona jikoni.

Ile rangi nyekundu ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Wanaochemsha mawese mpaka yatoe moshi na kuwa meupe wanaiharibu. Wanabaki na nishati, vitamini imekwenda. Na mafundi wa sabuni ya mawese wanafanya mmenyuko ambao mtaukuta kwenye sura ya lipidi: trigliseridi (gliseroli iliyobeba asidi za mafuta tatu) ikipikwa na kostiki soda inaachia gliseroli na chumvi za asidi za mafuta, ambazo ndizo sabuni yenyewe. Kichwa cha sabuni kinapenda maji, mkia unayakimbia. Fosfolipidi za utando wa seli zina tabia hiyohiyo, na ndiyo inayozifanya zijipange safu mbili, mikia ndani, vichwa nje, bila kupangwa na mtu.

Dagaa wanaoanikwa mchangani kule Katonga na Kibirizi ni somo la protini. Jua na moto vinavuruga umbo la protini, lakini mnyororo wa asidi amino haukatiki. Kazi hiyo inasubiri pepsini tumboni na tripsini utumbo mdogo. Asidi amino zinazojenga protini ni 20, na 9 kati yake lazima mtu mzima azipate kwenye chakula. Kumbukeni mbili zenye salfa, methionini na sisteini, tutazirudia sasa hivi. Asidi nukleiki nawaachia walimu wenu.

Haya, tuingie kwenye metaboli, na hapa muhogo unarudi. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo ni glukosi iliyoshikana na kundi la sianidi. Linamarini imehifadhiwa ndani ya vakuoli (kifuko cha kuhifadhia) ya seli, wakati kimeng'enya chake, linamarasi, kipo kwenye ukuta wa seli. Vikiwa mbalimbali hakuna linalotokea. Ukiloweka muhogo siku kadhaa mpaka ukalainika, seli zinapasuka, vinakutana, na sianidi inaachiliwa. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa inapotea hewani wakati muhogo unaanikwa. Lakini ukichukua mapande makubwa ya muhogo mchungu ukayatumbukiza kwenye maji yanayotokota, joto linakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki chunguni. Watu wengi hudhani kupika sana ndiyo dawa. Kuloweka au kusaga kwanza ndiko kunakosaidia, na sababu yake ni kimeng'enya kimoja tu.

Sasa tulitumie swali letu. Glukosi ikiingia kwenye seli, kwanza inapita glikolisisi kwenye saitoplazimu: hatua 10, piruvati mbili, faida ya ATP 2 (sarafu ya nishati ya seli) na NADH 2 (mbeba elektroni). Piruvati inaingia mitokondria, chumba cha seli cha kuzalisha nishati, na kugeuzwa kuwa asetili-CoA, ambayo inaingia mzunguko uliogunduliwa na Hans Krebs mwaka 1937. Mzunguko wenyewe hautoi ATP nyingi. Mara moja ukizunguka mnapata GTP 1 peke yake, ambayo ni ndugu wa ATP. Kazi yake kubwa ni kuvuna elektroni: NADH 3 na FADH2 1, mbeba elektroni mwingine. Elektroni hizo zinakabidhiwa mnyororo ulio kwenye utando wa ndani wa mitokondria, zinashuka hatua kwa hatua, na mwisho wa safari zinapokelewa na oksijeni, yanapatikana maji. Wakati zikishuka, protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando. Zikirudi kupitia kimeng'enya cha ATP sinthezi, ATP inatengenezwa. Oksijeni ambayo mwili unaitumia kila dakika, karibu yote inakwenda kumalizia hatua hiyo moja ya mwisho.

Sianidi inashika chuma kilichomo kwenye kompleksi ya nne, kituo cha mwisho cha mnyororo huo, mahali pale pale elektroni zinapokabidhiwa oksijeni. Rudini nyuma sasa, taratibu, msiruke. Elektroni hazina pa kwenda, mnyororo unasimama. NADH inarundikana kwa kuwa hakuna wa kuipokea. Ikirundikana, NAD+ (NADH iliyokwisha kukabidhi elektroni) inakosekana, na mzunguko wa Krebs hauwezi kwenda bila NAD+. Piruvati nayo haina njia. Seli inaigeuza laktati ili ipate angalau NAD+ kidogo ya kuendeshea glikolisisi. Damu inakuwa na asidi. Oksijeni ipo tele lakini haitumiki, kwa hiyo damu ya vena inaweza kuonekana nyekundu angavu kama ya ateri. Ubongo na moyo, ambavyo vinakula ATP kuliko vingine, ndivyo vinavyoanguka kwanza. Hapo mmejifunza glikolisisi, Krebs, mnyororo wa elektroni na dalili za sumu kwa mkupuo mmoja, na ukisahau hatua moja utaigundua mwenyewe kwa kuuliza kilichokwama ni nini.

Mwili una njia ya kujitetea: kimeng'enya cha rodanesi kinaipachika sianidi atomi ya salfa, inakuwa thayosayaneti, inatoka kwenye mkojo. Hiyo salfa asili yake ni zile asidi amino mbili nilizowaambia. Mtu anayekula ugali wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri, miezi na miezi, bila dagaa wala maharage ya kutosha, yuko hatarini kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Tanzania umewahi kuonekana, kwa mfano Tarime katika miaka ya 1980. Kwa hiyo dagaa pembeni ya ugali si kitoweo tu.

Mfano wa pili natoa kwenye kazi yangu mwenyewe, na huu naomba muushike, maana utawakuta tangu wiki ya kwanza maabara. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria. Hazina Krebs, hazina mnyororo, zinaishi kwa glikolisisi peke yake. Sasa damu ikishachotwa, chembe hizo hazijui kama zipo kwenye chupa. Zinaendelea kula glukosi, na kwa kawaida kiwango kinashuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto likizidi kasi inaongezeka. Chukua sampuli ya mgonjwa mwenye milimoli 5.0 kwa lita, iliyotoka kwa boti kijiji cha mwambao kusini, ikakaa saa nne juani bila kutenganishwa: itakufikia ikisoma 4 au chini yake. Mwenye kisukari ataonekana mzima, na mzima ataonekana kaishiwa sukari.

Ndiyo maana glukosi inachukuliwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kijivu, ambayo ndani ina floridi. Floridi inakizuia kimeng'enya cha inolesi. Mwanafunzi akishafika hapo anaridhika, anaandika jibu, anaondoka. Ngoja. Inolesi ni hatua ya ngapi? Ya 9. Glukosi inatoweka hatua ya 1, pale heksokinesi inapoipachika fosfeti. Kwa hiyo ukiziba hatua ya 9, hatua za juu bado zinafanya kazi kwa muda mpaka ATP iishe na foleni irudi nyuma hadi mwanzo. Glukosi itaendelea kushuka kidogo kwa saa moja mpaka mbili hata kwenye chupa ya kijivu, halafu ndiyo itulie. Kwa hiyo chupa ya kijivu haikupi ruhusa ya kuacha sampuli dirishani. Iweke kwenye baridi, izungushe kwenye sentrifuji mapema, tenganisha plazima, na uandike muda wa kuchota, si muda wa kupokea tu. Nimeona fomu nyingi ambazo kila kitu kimejazwa isipokuwa hicho kimoja.

Vimelea vya malaria navyo vinaishi humohumo ndani ya chembe nyekundu, na vinategemea glikolisisi kwa pupa. Mtoto mwenye malaria kali anashuka sukari na kupanda laktati, ingawa vimelea si sababu pekee. Mkoa huu hamtakosa kumwona. Na mnywaji wa gongo wa muda mrefu aliyeishiwa vitamini B1 hawezi kuingiza piruvati kwenye mitokondria inavyotakiwa, kwa sababu kimeng'enya cha mlangoni kinahitaji B1. Ukimtundikia maji ya glukosi kabla ya kumpa vitamini hiyo unaweza kumharibu ubongo. Chora mwenyewe mahali palipozibwa, sitakuchorea.

Kuhusu kusoma kwenyewe sina mengi. Yapo ya kukariri, msidanganywe: majina ya hatua za glikolisisi, vitamini gani inazaa kimeng'enya-saidizi gani, pH ya damu 7.35 hadi 7.45, na ile 18 ya kubadili milimoli kwa lita kwenda miligramu kwa desilita za glukosi. Yakaririni mapema yaishe. Miundo ya asidi amino zote 20 sioni haja kwa ngazi ya cheti. Jueni ipi ina chaji, ipi inakimbia maji, ipi ina salfa. Desa la kaka aliyemaliza mwaka juzi litumieni kujua mwalimu anapenda kuuliza nini, lakini mchoro uchoreni wenyewe, kwenye karatasi tupu, bila kutazama. Mkikaa kundi, mmoja azibe hatua yoyote kwa kidole na wengine waseme kinachotokea. Dakika 20 za hivyo zinazidi usiku mzima wa kupiga msuli na daftari.

Na lile swali linalogombanisha watu bwenini kila muhula: glukosi moja inatoa ATP ngapi? Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, vipya vinasema 30 au 32. Wa zamani walihesabu ATP 3 kwa NADH na 2 kwa FADH2. Vipimo vya baadaye vikaonyesha ni karibu 2.5 na 1.5. Ile tofauti ya mbili inatokana na njia inayotumika kuingiza elektroni za NADH ya saitoplazimu kwenye mitokondria, ambayo haifanani kwa viungo vyote. Kwenye mtihani andika hesabu aliyoifundisha mkufunzi wako, halafu ongeza mstari mmoja wa kueleza nyingine imetoka wapi.