Inhela Ikibadilishwa, Jifunze Upya Kuivuta

Mwenye pumu akikaa Kisumu hahitaji kusomewa somo la hewa. Wakichoma miwa pande za Kibos na Miwani, masizi yanatua hadi kwenye nguo ulizoanika, na kifua kinapata habari kabla ya pua. Nakuru nilikokulia, shida ilikuwa vumbi la Januari na baridi ya alfajiri. Ndiyo maana nilikereka nilipoanza kusikia kwamba inhela zetu, yaani pampu za kuvutia dawa ya pumu, zinaharibu mazingira na eti zitapigwa marufuku. Masizi tuvute sisi, na lawama tubebe sisi?

Nilipotulia nikaona kwamba lina ukweli wake, na wala si jipya. Kinachosukuma dawa kutoka kwenye kopo ni gesi. Zamani ilikuwa CFC, ile iliyokula tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio uliofungua njia ya kuikomesha. Inhela ziliongezewa muda kwa sababu ni dawa. Marekani, kwa mfano, iliendelea kuuza za salbutamol, dawa ya kufungua kifua kilichobanwa, zenye CFC hadi mwisho wa 2008. Zilipoondoka, bei ilipanda, maana za bei nafuu zilitoka sokoni na mpya zilikuwa zinalindwa na hataza, yaani haki ya mgunduzi kuzuia wengine wasizitengeneze. Tena wagonjwa wengi walilalamika kwamba mpya hazina nguvu, kwa kuwa mpulizo wake ni laini na haugongi koo kwa ubaridi kama zile za kwanza. Dawa ilikuwa ile ile.

Gesi iliyochukua nafasi hiyo, HFC-134a, haidhuru ozoni ila inapasha dunia joto, kilo kwa kilo zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi. Kuna inhela za bluu, zile za salbutamol, ambazo kopo zima likiisha, athari yake inakaribia ile ya gari dogo lililotoka Kisumu hadi Nakuru. Mwezi Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana jijini Kigali kupunguza gesi za aina hiyo. Kundi la nchi tulilomo linatakiwa kuzipunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Hizo ni hesabu za gesi zote, friji na mitambo ya kupozea hewa zikiwemo. Kwa hivyo usiweke akiba ya makopo chini ya kitanda. Hakuna atakayekuja kukunyang'anya.

Kitakachokugusa ni hiki: siku moja utafika duka la dawa upewe inhela ya aina nyingine, labda ya unga. Hapo ndipo watu huumia. Binti ya dada yangu alibadilishiwa hivyo, na muuzaji akamwambia tu, "Ni dawa ile ile, mami, tumia kama kawaida." Akawa anavuta polepole, vile alivyofundishwa na ile ya kopo, na usiku bado anakohoa. Tulipokifungua kidonge cha unga kinachotiwa ndani ya inhela hiyo, baada ya kuvuta, unga ulikuwa umebaki karibu wote.

Ya kopo huvutwa polepole na kwa kina, unabonyeza pumzi inapoanza kuingia. Ya unga haina gesi ya kuisukuma. Nguvu inatoka kwako, kwa hivyo unavuta kwa haraka na kwa nguvu tangu mwanzo. Mtoto mdogo hawezi, na hata mtu mzima aliyebanwa sana anaweza kushindwa. Ukiambiwa ubadilishe, mwambie daktari au mfamasia akuangalie ukivuta mbele yake. Mtoto wa chini ya miaka mitano abaki na kopo na spesa, ile chupa ya plastiki inayokaa kati ya kopo na mdomo. Spesa ikiwa ghali, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako ikashika mdomo wa inhela barabara inafaa. Utafiti wa Afrika Kusini wa 1999 ulionyesha hivyo. Na unga hauelewani na unyevu, kwa hivyo ninyi wa karibu na ziwa msiuweke bafuni wala msipulize pumzi ndani yake.

Sasa niseme la moyoni: usijinyime pampu ya bluu eti unaokoa dunia. Ukibanwa, vuta. Ila kama unaimaliza upesi upesi, pumu yako haijadhibitiwa, na unahitaji ile ya kuzuia, ambayo kwa wengi wetu ni ya kahawia. Hiyo hutumiwa kila siku hata ukijihisi mzima, halafu unasukutua mdomo. Ikifanya kazi yake, makopo ya bluu yanapungua yenyewe. Wengi huiacha kwa sababu haileti nafuu papo hapo, na pesa zenyewe hazitoshi mbili. Hilo la pesa silipuuzi. Mwambie daktari wazi, maana bei hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni.

Hesabu mipulizo pia. Kopo la salbutamol kwa kawaida lina mipulizo 200, na likipita hapo linaweza kuendelea kutoa gesi tupu yenye sauti ile ile. Kulitumbukiza kwenye maji uone kama linaelea hakukuambii kitu. Likiisha, uliza hospitalini kama wanapokea makopo. Wasipopokea, lisiingie kwenye takataka mnazochoma nyuma ya nyumba, maana hulipuka.