Kabla Hujaandika "Hashiriki Darasani"

Nikiwa na mwaka wa tatu tu kazini, niliandika kwenye ripoti ya mtoto mmoja maneno mawili: "Hashiriki darasani." Niliona nimesema kweli tupu. Muhula mzima hakunyoosha mkono hata mara moja. Nikimwita jina anasimama, anatazama sakafu, ananong'ona jibu, anakaa. Daftari lake halikuwa baya, lakini alama za ushiriki nilimpa za mwisho kabisa.

Siku ya wazazi alikuja bibi yake. Nikamsomea ripoti yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwa hiyo mjukuu wangu ana adabu au hana?"

"Anayo, bibi. Tena nyingi."

"Basi hiyo ndiyo niliyomtuma aje nayo."

Sikuwa na jibu. Yule mama mtu mzima alikuwa ametumia miaka saba kumfundisha mtoto kwamba mbele ya mkubwa unasikiliza, husemi mpaka usemeshwe, na macho yako hayashindani na yake. Mtoto amefuzu somo hilo vizuri, kaja nalo kwangu, nami nikamkata alama kwa kufuzu.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba hakuna mtoto anayeingia darasa la kwanza akiwa hajaanza shule. Nyumbani alikotoka kuna mtaala, ingawa haukuandikwa popote. Unasema nani aongee kwanza. Unasema kama swali ni dalili ya akili au ya utovu wa nidhamu, kama kukosea ni aibu ya ukoo mzima au jambo la kuchekwa kidogo na kusahauliwa. Mwalimu asiyeujua mtaala huo atasahihisha kazi ambayo hakuitoa yeye.

Chukua maswali yetu ya darasani. Ukiyatazama vizuri ni ya ajabu: anayeuliza anajua jibu, na anayeulizwa anajua kwamba muulizaji analijua. Mtu akikuuliza njiani saa ngapi, ukamjibu, naye akakwambia "vizuri sana, umepata," utamtilia shaka. Lakini ndivyo tunavyoongea na watoto kutwa nzima. Mwanaanthropolojia Shirley Brice Heath alifuatilia kwa miaka mingi familia za jamii jirani huko Carolina, kusini mwa Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1983. Katika jamii mojawapo, watu wazima hawakuwa na desturi ya kumuuliza mtoto kitu wanachokijua. Walimuuliza kitu kinafanana na nini, au kumetokea nini. Watoto hao walipofika shuleni na kuulizwa "hii ni rangi gani?", wengi walinyamaza, na walimu wakadhani hawajui. Walimu walipoanza kuuliza maswali ya aina waliyoizoea watoto nyumbani, watoto wakaongea. Kilichobadilika kilikuwa maswali tu, watoto ni wale wale.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi, na huwasimulia walimu wapya kila nipatapo nafasi. Watafiti walikwenda Liberia kwa Wakpelle, wakawapa wakulima vitu mbalimbali, vyakula na zana vikiwa mchanganyiko, wakawaomba wavipange vinavyokwenda pamoja. Watafiti walitarajia vyakula vikae na vyakula, zana na zana. Wakulima wakaweka kisu na kile kinachokatwa, jembe na kile kinacholimwa, wakaeleza kwamba mtu mwenye busara hupanga hivyo. Mwishowe mtafiti, labda kwa kukata tamaa, akauliza: na mjinga angepangaje? Papo hapo wakavipanga sawasawa na alivyotaka yeye, vyakula huku, zana kule. Uwezo walikuwa nao tangu mwanzo. Ila hawakuona sababu ya mtu mwenye akili timamu kutenganisha kisu na kazi yake.

Ndiyo maana nakushauri, ukiwa mwalimu, kabla hujaandika neno lolote kuhusu akili ya mtoto, jiulize kwanza nyumbani kwao mtoto mwema anakuwaje. Usikisie. Uliza. Mimi siku hizi kwenye kikao cha kwanza cha wazazi sianzi na ratiba wala michango. Nawauliza swali moja: "Mtoto wako akifanya nini nyumbani, unajisikia fahari?" Majibu yake yananifaa kuliko mtihani wa kujipima. Mmoja atasema, akiwasaidia wadogo zake bila kutumwa. Mwingine, akibishana nami hadi anishinde. Hao wawili watakaa dawati moja, na ukiwapima kwa kijiti kimoja utamuonea mmoja wao.

Yule anayesifiwa kwa kusaidia wenzake, kwa mfano, usishangae ukimkuta anasogeza karatasi ya mtihani ili jirani aone. Kwetu walimu, huko ni kuigiliziana na adhabu yake inajulikana. Kwake, kuficha jibu huku mwenzako anahangaika ni uchoyo. Nilijifunza kutamka wazi, bila hasira: kazi hii tunasaidiana, ile kila mtu peke yake, na sababu ni hii. Nilipoanza kueleza sababu, kesi zilipungua sana. Zamani nilidhani sababu inajulikana na kila mtu.

Jambo jingine ni muda. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu, wakishauliza swali, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Kwa mtoto aliyelelewa kupima neno kabla ya kulitamka, sekunde moja ni mlango uliofungwa. Nilianza kuhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, moja mpaka tano. Nakwambia kweli, siku za mwanzo ilikuwa mateso. Sekunde tano za ukimya mbele ya watoto 40 ni ndefu mno. Vumilia tu.

Kwa wazazi nina moja, nalo ni fupi. Acha kusema mbele ya mtoto kwamba hesabu hazimo kwenye damu yenu. Harold Stevenson na James Stigler, waliolinganisha familia za Japani, Taiwan, China na Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuta mama za Asia wakitaja zaidi juhudi kuwa ndiyo chanzo cha kufaulu, huku wale wa Marekani wakikipa kipaji uzito mkubwa zaidi. Mtoto anayeamini ni juhudi ana la kufanya kesho asubuhi. Wa damu atafanya nini?

Sasa nisije nikaeleweka kwamba kila linalotoka nyumbani ni takatifu. Silikubali hilo. Zipo nyumba zinazomfundisha msichana kujibu polepole ili asimwaibishe kaka yake, na hapo mimi sinyamazi kwa kisingizio cha kuheshimu mila. Halafu kuna kosa la upande wa pili, ambalo nami nimelifanya. Miaka kadhaa baada ya yule bibi, nilipata mtoto mwingine mkimya, naye anatazama chini. Nikajisemea, ah, huyu namjua, ni adabu za kwao. Nikamwacha kwa heshima zote. Ikapita zaidi ya nusu muhula ndipo mwenzangu aliponiuliza kama nimewahi kumpima macho. Mtoto alikuwa haoni ubao. Nilikuwa nimeshajua mno kuhusu utamaduni, nikasahau kumtazama mtoto mwenyewe.

Turudi kwa yule wa kwanza. Muhula uliofuata nilimwomba bibi yake aje tena, safari hii si kwa ripoti. Nikamwambia: "Bibi, adabu uliyompa sitaki kuigusa. Ila hapa kuna kazi siwezi kuifanya bila yeye kuniuliza. Naomba umruhusu." Alinyamaza kidogo, akaniambia nimwite. Mtoto akaja, akasimama na macho yake sakafuni kama kawaida. Bibi akamwambia: "Mwalimu akikuuliza, mjibu asikie. Na usipoelewa, muulize. Nimekuruhusu mimi." Basi. Wala haikuchukua dakika.

Kama utachukua kitu kimoja tu kwangu, chukua hicho: ruhusa iombwe nyumbani. Nilikuwa nimemhimiza mtoto huyo muhula mzima, "ongea, usiogope," bila kujua kwamba simwondolei woga, bali namtaka avunje agizo la mtu anayempenda kuliko anavyonipenda mimi.

Hakubadilika siku hiyo, wala wiki hiyo. Wiki ya pili, wenzake wakiwa wanafunga madaftari, nikaona mkono umenyooka nusu, kiwiko bado kimelala kwenye dawati. Nikampa nafasi. Akaonyesha bango la jedwali la kuzidisha, nililoliandika kwa mkono wangu na kulibandika ukutani.

"Samahani, mwalimu. Pale saba mara nane si hamsini na sita?"

Nikageuka. Pale nilikuwa nimeandika 54. Nikamuuliza ameliona lini.

"Muhula uliopita," akasema, na safari hii darasa zima lilimsikia.