Umechaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule? Kaa Nikwambie Yaliyonikuta

Juzi usiku dada mmoja wa Mwanza kanitumia ujumbe: "Kaka, wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi ya mtaani kwetu. Sikugombea. Nilichelewa mkutano, nikaingia nimevaa vizuri, wakaninyooshea kidole. Nianzie wapi?"

Nikacheka peke yangu kitandani, mpaka mke wangu akageuka. Halafu kicheko kikakauka. Mimi nami uenyekiti niliupata hivyohivyo, hapa Dar es Salaam: shati la kitenge limenyooka pasi, sauti kubwa, na bahati mbaya ya kukaa benchi la mbele. Nikaukalia miaka sita. Machi mwaka huu wazazi walewale wakanitoa kwa kunyoosha mikono, na baadhi wakapiga makofi. Nitafika huko, maana bado kunaniuma.

Kwanza nikwambie kosa langu la mwanzo kabisa. Nilidhani mwenyekiti ni mwenye shule. Siku ya tatu tu baada ya kuchaguliwa nikaacha kazi zangu za ufundi umeme, nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, nikavuta kiti, nikasema naomba kuona hesabu. Yule mzee hakukasirika. Alifungua droo, akatoa karatasi moja iliyochapishwa, akanisukumia mezani. Wanafunzi 2,140. Ruzuku iliyoingia: shilingi 1,070,000.

"Ndiyo ya mwezi mzima, mwenyekiti," akasema. "Haya, tuigawe."

Tukaanza kuigawa. LUKU ya umeme. Bili ya maji, ambayo kwa watoto elfu mbili si mchezo. Chaki. Rimu za karatasi za mitihani. Kitasa cha darasa la nne B. Mpira wa miguu, maana na michezo ina fungu lake. Tulipofika kwenye paa la darasa la pili linalovuja, karatasi ilikuwa imejaa na hela imeisha, na mlinzi hatujamgusa.

Nilitoka pale nikiamini kuna mtu anatuibia. Nikapiga hesabu daladala nzima. Hakukuwa na wizi. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Humo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinaingia akaunti ya shule moja kwa moja kutoka serikalini, zikigawanywa kwa miezi. Yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Leo hii 500 haimtoshi mtu mzima nauli ya daladala, maana mwisho wa 2023 hata ile njia fupi ilipanda ikawa 600.

Na hiyo 10,000 haikuanza jana. Ni ya enzi za MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002 baada ya karo kufutwa. Ilikusudiwa iwe dola 10 kwa mtoto, na kwa shilingi ya wakati ule ilikaribia kweli. Shilingi imeshuka, bei zimepanda, ile 10,000 imekaa palepale kama picha ya ukutani. Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, watoto wa darasa la kwanza walifurika hasa huku mijini, watu wakashangilia, nami nilishangilia kwa kuwa nilikuwa na wawili wa kuandikisha. Hakuna aliyeniambia kwamba "bila malipo" maana yake ni bila malipo ya mzazi tu. LUKU haijui elimu bure.

Sasa tuje kwenye vyoo, kwa sababu vyoo ndivyo vilivyonifundisha shule inaendeshwa na nani.

Tulikuwa na matundu 14. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa watoto wetu, nusu kwa nusu, yangehitajika kama 97. Mapumziko ni dakika 30. Nenda kasimame pembeni uone foleni ya wasichana wa darasa la saba, halafu uniambie kwa nini wengine hawaji shule siku fulani za mwezi. Niliapa: nikitoka bila vyoo, sikuwa mwenyekiti.

Nikaandika barua kwa Waziri wa Elimu. Nikaipeleka mwenyewe Dodoma, basi la usiku, hela yangu, fulana ya kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki. Binti wa mapokezi aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Baba, hii si ya kwetu. Shule za msingi zipo chini ya TAMISEMI, tawala za mikoa na serikali za mitaa. Na hata TAMISEMI watakurudisha kwa mkurugenzi wako."

Nauli kwenda na kurudi, kwa sentensi tatu. Dada yangu, zishike hizi sentensi bure. Wizara ya Elimu inashika sera na mitaala na ndiyo yenye wadhibiti ubora. Majengo na uendeshaji wa kila siku ni wa halmashauri, na halmashauri zipo chini ya TAMISEMI. Mishahara ya walimu inatoka Hazina. Nidhamu yao ina Tume ya Utumishi wa Walimu. Kwa hiyo mzazi akikujia kwamba mwalimu fulani haingii darasani, huna uwezo wa kumfukuza; unaandika muhtasari wa kikao na kuupeleka ngazi inayofuata. Mtoto mmoja ana mabwana wanne, na kila bwana ana mlango wake.

Niliporudi nikaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ilikuwa Mei. Nikaambiwa kwa adabu kabisa kwamba jambo langu ni zuri ila halimo kwenye bajeti. Nikarudi Agosti, mwaka mpya wa fedha umeanza Julai, nikiwa na matumaini mapya. Halimo kwenye bajeti. Nilipandisha sauti pale korido. Mama mmoja wa masjala, mtu mzima, miwani kwenye kamba, akaniita pembeni. "Mwanangu, hela ya Julai inaombwa Novemba. Wewe unakuja mezani sahani zinaoshwa."

Ni mwanamke huyo aliyenijengea vyoo, si mimi. Alinichorea njia nyuma ya bahasha: maombi yaanzie kikao cha kamati ya shule, yaende kwa Afisa Elimu Kata, yaingie Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu. Kutoka hapo yanakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kamati za madiwani, kisha Baraza zima linapitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka. Baada ya hapo yanapanda mkoani na TAMISEMI, na Bunge linakaa na bajeti ya nchi Aprili mpaka Juni. Ukifika Mei na barua yako, unagonga mlango wa nyumba iliyohama.

Kuna milango ya pembeni pia. Upo Mfuko wa Jimbo, wenye sheria yake tangu 2009, unaopita kwa kamati ya mbunge. Ipo miradi kutoka juu: fedha za UVIKO za 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila darasa, mengi yakiwa ya sekondari, halafu ukaja BOOST kwa ajili ya awali na msingi. Hiyo huombi kwa barua, unaipata kama takwimu za shule yako zinaonyesha shida. Kwa hiyo takwimu ziwe za kweli. Sisi kwetu kulikuwa na watoto waliohamia na hawajaandikwa kwenye mfumo, na mtoto asiyeandikwa hana hata ile 500 yake. Kaa na mwalimu wa takwimu. Mnunulie soda ikibidi.

Lakini huku mjini mlango mkubwa ni mapato ya ndani ya halmashauri: leseni, ushuru wa huduma, masoko. Ndiko zilikotoka za kwetu. Mwaka wa tatu wa kuhangaika, shilingi milioni 19, matundu 8. Umesoma sawasawa, nane. Nililia.

Hela ikaja kwenye akaunti ya shule na tukajenga kwa utaratibu wa fosi akaunti: hamna mkandarasi mkubwa, mnaweka fundi wa mtaani na mnaunda kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Watu wanaziona usumbufu. Siku ya kwanza ya mapokezi, karatasi ya duka ilisema mifuko 60 ya saruji. Mama lishe wetu, ambaye hajawahi kushika kalamu kwenye kikao, akaihesabu kwa kuigusa mmojammoja. 57. Akahesabu tena. 57. Dereva wa kirikuu akaanza kusema mitatu ilipasuka njiani. Mama akamwambia, "Basi lete mifuko iliyopasuka." Jioni mitatu ikaja, mizima. Kamati ya mapokezi ni yule mama. Usiweke huko watu wenye tai.

Vyoo vilizinduliwa. Kuna jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi kwa herufi za dhahabu. Jina langu halipo, la mama wa masjala halipo, la mama lishe halipo. Sisemi kitu.

Sasa nije kwenye lililonitoa, na naomba usome polepole.

Wezi waliiba pampu ya maji usiku. Nimeshakwambia mlinzi hana fungu. Nikaitisha mkutano wa wazazi, tukakubaliana kwa kauli moja shilingi 1,000 kwa mwezi kila mzazi, ya mlinzi. Makofi, vigelegele. Nikaandika majina kwenye daftari la kaunta nikiwa mimi mwenyewe mkusanyaji. Nilijua Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni Januari 2018 na kuagiza walimu wasishike hela za wazazi. Nilijua pia kwamba mchango wa hiari unataka kibali cha wakubwa kabla haujaanza. Nikasema, aah, hii wazazi wenyewe wameamua, tena ni buku tu, kibali cha nini? Kibali kingechukua mwezi na pampu mpya ingekwenda na wezi wiki hiyo.

Mwezi wa tatu wa mchango, mwalimu mmoja wa zamu, kwa kiherehere chake, aliwarudisha nyumbani watoto ambao wazazi wao hawakulipa. Mtoto mmoja akarekodiwa na simu ya jirani, analia getini, begi mgongoni. Video ilizunguka kabla ya adhuhuri. Ndani ya wiki mwalimu mkuu alivuliwa madaraka. Si mimi. Yeye. Yule mzee aliyenifungulia droo siku ya tatu, aliyenionya mara mbili, "Mwenyekiti, tuombe kwanza kibali," nami nikamwambia ana woga wa kizamani. Akapoteza ukuu, akapoteza posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, akahamishiwa upande wa pili wa jiji kufundisha darasa la tano. Nimempigia simu mara nyingi. Hapokei.

Mimi nikabaki kwenye kiti. Mwenyekiti wa kamati hana cheo cha kuvuliwa wala mshahara wa kukatwa, ndiyo maana tunakuwa wajasiri kwa shingo za wenzetu. Ukishika nafasi hiyo, kabla hujasema neno kikaoni jiulize likiharibika ataadhibiwa nani. Mara nyingi si wewe.

Mwaka huu ulipofika uchaguzi, mzazi mmoja alisimama akauliza hela za mlinzi zilikwenda wapi. Nikainua daftari. Akasema daftari umeandika mwenyewe, risiti iko wapi? Sikuwa nayo hata moja. Mlinzi nilimlipa mkononi, shilingi kwa shilingi, na tayari alikuwa amerudi kwao Singida. Nilisimama mbele ya watu 300, nyuma yangu matundu 8 ya choo, nikaitwa mwizi. Nikaangalia benchi la mbele kumtafuta mtu wa kunitetea. Mama lishe alisimama, wakamzomea naye.

Kwa hiyo, dada: kibali kwanza. Muhtasari kila kikao, usainiwe siku hiyohiyo. Hela ya mtu usiipokee mkononi, hata ya mjomba wako, hata mia mbili. Iingie benki kwenye akaunti ya shule na mwenye kutoa apewe stakabadhi. Na muhtasari. Nimeshasema muhtasari? Nasema tena. Wazazi wanaokushangilia leo hawatakumbuka walishangilia nini, karatasi ndiyo inakumbuka. Na wewe mzazi unayesoma hapa ukijiona hayakuhusu, kwa kuwa mwanao yuko shule ya kulipia yenye basi la njano: mapato ya ndani ni ushuru wako pia, na kikao cha Baraza la Madiwani ni cha wazi. Umeingia mara ngapi? Tunajaza viwanja vya mpira, halafu tunalalamika vyoo.

Haya yote nilimwandikia yule dada usiku uleule, kwa kidole gumba, mpaka saa saba. Asubuhi akajibu.

"Asante kaka, Mungu akubariki. Ila hujaniambia Jumatatu nikifika pale naanza na nini."

Nikamwambia aende wakati wa mapumziko, ahesabu matundu.