Re: Nianze na High Noon?
Mkuu, umeuliza kama mgeni wa sinema za kauboi atachoshwa na High Noon ya 1952. Mimi nami mgeni, nimeitazama juzi. Nilitarajia risasi tangu mwanzo; wapi! Mwigizaji Gary Cooper, anayecheza askari mkuu wa mji mdogo aliyeoa asubuhi hiyohiyo, anazunguka kuomba msaada kabla treni ya saa sita mchana haijamleta adui yake. Kila mtu ana udhuru. Pale kanisani wanajadili weee, mwisho wanamwacha peke yake. Nilikasirika kweli! Saa za ukutani zinaonyeshwa kila mara, na muda wa hadithi unakaribiana na dakika 85 za filamu yenyewe. Haina rangi, ila utasahau. Mapigano ni mafupi, tena mwishoni. Kama unataka farasi na risasi mfululizo, tafuta nyingine.