Kwa Binti Yangu, Kuhusu Shajara za Mabinti wa Wafalme

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, na baada ya kukujulisha kwamba mimi na mama yako hatujambo hapa Chumbageni, nalijibu swali lako. Umeniuliza kwa nini mimi, mwalimu wa historia ambaye sikukubali useme jambo bila kueleza umelitoa wapi, nilikuachia usome usiku na mchana shajara za mabinti wa wafalme ambazo wenyewe hawakuziandika. Tena umeuliza kama umpe mwanao vitabu hivyo, maana bado vimo katika kabati letu. Mpe. Ila ningependa ujue nilichokiona ndani yake, ili nawe umsimamie kama nilivyokusimamia.

Vilitolewa Marekani na kampuni ya Scholastic kuanzia mwaka 1999 hadi 2005, katika mfululizo ulioitwa The Royal Diaries, na vichache vikatufikia huku Tanga ndani ya maboksi ya vitabu vya msaada. Kila kimoja kilimchukua binti aliyepata kuishi kweli, kama Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, Nzinga wa Angola, Kaiulani wa Hawaii au Anastasia wa Urusi, kikampa kalamu akiwa na umri uliokaribiana na wako wa wakati ule. Nyuma kulikuwa na maelezo ya historia, nasaba na picha. Jambo moja halikunipendeza na mpaka leo halinipendezi: jalada la mbele halikubeba jina la mwandishi, kwa hiyo mtoto asiyezifikia kurasa za mwisho angeweza kuamini kwamba ameshika maneno ya binti mwenyewe. Ndiyo maana nilikutaka uanze na zile kurasa za mwisho, na mwanao naye aanze hapo.

Watu husema wasichana huvipenda vitabu hivi kwa ajili ya magauni na vito. Kwako sikuona hivyo. Ulichokuwa ukiniletea barazani kila jioni ni habari za mtoto ambaye wakubwa wanapanga juu yake: aolewe na nani, ashike dini gani, na pengine kama aishi au afe. Mama yake Elizabeth alikatwa kichwa mwezi Mei 1536, binti akiwa hajatimiza miaka mitatu. Na Desemba 1544, akiwa na miaka 11, mtoto huyo alimwandalia mama yake wa kambo, Catherine Parr, zawadi ya mwaka mpya, shairi la Kifaransa alilolitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza na kulitia jalada alilolidarizi kwa mkono wake. Kitabu hicho kipo hadi leo. Lakini mtoto yule alikuwa akiwaza nini alipokuwa akidarizi, katika nyumba ya baba aliyemuua mama yake? Nyaraka hazisemi, na mahali hapo ndipo mwandishi wa hadithi anapopata kazi. Msichana wa Ngamiani hapa mjini aliyewahi kukaa pembeni mwa mkeka akiwasikiliza wajomba na mashangazi wakizungumzia posa yake, au wakiamua kama karo itatafutwa au haitatafutwa, haoni ugeni wowote katika kurasa za namna hiyo.

Tena usidhani kwamba shajara ya kweli daima husema zaidi ya ile ya kubuni. Victoria, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alianza kuandika yake mwaka 1832, akiwa na miaka 13, katika daftari alilopewa na mama yake, na mama huyo alikuwa akiisoma. Mtoto anayejua kwamba mama atasoma ataandika amekwenda wapi na amekula nini. Yaliyomo moyoni atayabakiza moyoni. Naye Victoria alipofariki mwaka 1901, binti yake mdogo Beatrice alizinakili shajara hizo, akaacha yale aliyoona hayafai, kisha akachoma sehemu kubwa ya maandishi ya asili. Nakala ya Beatrice ilijaza majuzuu 111, na wanahistoria wanategemea hiyo. Kwa hiyo kitabu cha kubuni kinachokiri mwishoni kwamba kimebuniwa nakiheshimu, maana kinamwonyesha msomaji mahali ambapo ushahidi umekoma.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa swali lako kuhusu Nzinga. Kitabu chake kinaanzia mwaka 1595, wakati yeye ni msichana, ilhali habari zake tulizo nazo ni za utu uzima: mazungumzo yake na gavana wa Kireno huko Luanda mwaka 1622, barua zake, na maandishi ya wamisionari. Ulikuja ukaniuliza, karatasi alipata wapi, na nani alimfundisha kuandika? Hapo nilijua kwamba vitabu hivyo havikupotezi.

Jibu la swali lile liko karibu nasi kuliko Angola, nami ningependa mjukuu wangu alifikie. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifunza kwa siri, akiigiza herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokula njama dhidi ya kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa mtawala wa Unguja, msichana huyu wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia barua wala njama, kwa sababu alijua kuandika. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa meli ya Waingereza, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akawa mjane baada ya miaka michache tu, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin. Kaka yake Barghash, ambaye kwa wakati huo ndiye aliyekuwa mtawala wa pwani yetu hii, alikataa kumpokea aliporudi kwa ziara mwaka 1885.

Hayo ameyaandika mwenyewe, lakini ameyaandika akiwa mtu mzima, ugenini, akiyatetea makuzi yake mbele ya wasomaji wa Ulaya. Utumwa aliutetea pia. Sisi ambao tumekulia karibu na Pangani, ambako misafara ilikuwa ikishukia, hatuwezi kulisoma hilo tukalipita. Ndani ya jumba la Mtoni walikuwamo wasichana wa umri wake ambao waliwatumikia wenye nyumba, nao hawakuachiwa mfupa wala wino, na hakuna mfululizo wa vitabu uliowapa kalamu kwa kuwa hawakuwa mabinti wa mfalme. Mwanao akishamaliza habari za Salme, mwombe aandike kurasa chache za shajara ya mmoja wa wasichana hao, na mwishoni aeleze kwa uaminifu lipi amelipata kitabuni na lipi amelibuni. Nitazisoma kwa makini yote niliyowahi kuyatoa kwa kazi ya mwanafunzi.

Vitabu nitavituma kwa basi wiki ijayo. Cha Anastasia nimekibakiza hapa hadi atakapokuwa mkubwa kidogo, kwa sababu msomaji anajua kwamba Julai 1918, mwezi aliouawa pamoja na wazazi wake, inakuja, na binti mwenye shajara hajui. Wewe siku ulipokimaliza ulilala bila kula.

Mama yako anakusalimu, na anamsalimu mumeo.

Ni mimi baba yako